Mwaka wa Maneno Mapole

Kwenye sendoff ya mjukuu wangu Witness, ya kumuaga kabla ya ndoa, pale Usa River, Rukia alinivuta mkono hadi nyuma ya ukumbi, mahali wapishi walipokuwa wakipakua pilau. Akafungua kiganja changu, akaweka kitu kidogo, akanikunja vidole mwenyewe kama mtu anayempa mtoto pipi kanisani. Sikuhitaji kutazama. Ilikuwa dadu ya bluu yenye pande ishirini, na kwenye upande wa saba ina kovu, kwa sababu Loishiye aliikanyaga na buti la gereji Jumamosi moja, ikateleza mpaka chini ya kabati, tukaitafuta hadi chai ikapoa. "Shikamoo bibi," Rukia akasema. "Bado mkono unarusha?" Nikamwambia marahaba, na kwamba amenenepa. "Ni Tanga hiyo, bibi. Kule kila kitu wanatia nazi." Miaka mitano sikuwa nimemwona. Tukacheka, halafu tukalia kidogo, halafu tukacheka tena, mpaka mpishi akatuambia tusogee, tunaziba njia ya sufuria.

Watu wakisikia naandika kumbukumbu zangu wanataka nianze na baba na mama, na kihamba, shamba la ukoo, na kahawa ilivyokuwa zamani. Hayo waulizwe wengine, wapo wanaoyajua vizuri. Mimi shule niliishia darasa la tatu, naandika polepole, sina daftari la kupoteza. Nitaandika mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka sabini na moja, nakaa Lemara na Witness, na huo ndio mwaka niliokuwa msichana. Usichana wangu wa kwanza, ule wa kuzaliwa nao, ulipita nikiwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Sikuuona ulivyopita.

Sebule yetu ya Lemara ilikuwa ndogo. Makochi mawili yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, kabati la vyombo vya wageni, na katikati meza nzito ya mninga iliyoletwa na mjukuu wangu Elibariki, kaka yake Witness. Elibariki alifanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia boksi: kitabu kinene cha Kiingereza, karatasi, na mfuko wa dadu za kila namna. Ni mchezo wa kukaa mezani. Mmoja anasimulia hadithi, na wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hiyo hadithi. Likija jambo la mashaka, kama kuruka mto au kumpiga adui, unarusha dadu. Ikitoka namba kubwa umeweza, ikitoka ndogo umeanguka. Kila mtu ana karatasi yake imeandikwa jina, ujuzi wake, na uhai wake kwa hesabu. Ukipigwa, uhai unapungua: unafuta namba ya zamani kwa kifutio, unaandika mpya kwa penseli. Uhai ukiisha umekufa, na karatasi inachanwa. Msimulizi alikuwa Rukia, binti wa Levolosi aliyekuwa akishona sare za shule, na hata alipokuwa anasimulia mikono yake ilikuwa inakunja pindo la hewa. Loishiye, Mwarusha wa Kisongo, fundi pikipiki, ndani ya hadithi alikuwa mpiga rungu aitwaye Chuma. Witness alikuwa mpiga mishale. Na Elibariki alikuwa mtu anayetenda mambo kwa maneno ya siri.

Wenyewe walimwita mchawi. Nikatoka jikoni na mwiko, nikasema mimi ni Mlutheri na hakuna mchawi atakayekalia kochi langu. Loishiye ndiye aliyenijibu, na yeye huniita koko, kama kwao wanavyomwita bibi. "Basi koko, tumwite fundi. Mimi fundi pikipiki, huyu fundi maneno." Nikaona hapo amesema. Ikaisha hivyo, na kuanzia siku hiyo maneno yanayoumiza, ya moto na ya radi, yakaitwa maneno makali.

Elibariki alikufa mwezi wa pili, kwa moyo. Nitaandika hivyo tu. Witness alikuwa naye wodini, amemshika mkono. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na alipotoka wodi ile hakurudi chuoni. Kila nikimuuliza ananiambia, "Mwakani, bibi." Lakini alikuwa na bomba la sindano la kujifunzia, na mara nyingi nilimkuta jikoni amepanga machungwa juu ya sinia, anayadunga kama walivyofundishwa. Dunga, sukuma, chomoa, bonyeza kwa pamba. Machungwa ya nyumba ile yote yalikuwa na matundu. Ukimenya moja linakurukia machoni, na ladha imeshakuwa ya maji. Siku moja nikamtania, "Hilo chungwa limeshapona, mwachie mwenzake." Hakucheka. Akasema, "Chungwa halifi, bibi."

Miezi miwili baada ya msiba, Rukia na Loishiye walikuja Jumamosi mchana na mkate na sukari, kama watu wanavyokuja. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga loshoro, mahindi na ndizi na maziwa ya mgando, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Nikawasikia wanazungumza chinichini, halafu Loishiye akauliza, "Sasa Anaeli tunamfanyaje?" Mwiko ukasimama. Anaeli ni jina la mume wangu. Amelala Akeri chini ya migomba, wakati huo miaka kumi na minane. Nikaenda mlangoni na mwiko unadondoka. "Anaeli yupi?" Wakaangaliana. Rukia akasema, "Bibi, ni yule fundi wa Eli. Alimpa jina la babu." Nikasema hakuna aliyeniambia. "Aliogopa ungekataa babu asiingie kwenye mambo haya." Kweli ningekataa. Mume wangu alikuwa mtu wa kahawa na kwaya, aliogopa hata bata mzinga.

Nikaomba niione hiyo karatasi. Witness akaenda chumbani akaja na Biblia kubwa ya nyumba. Karatasi alikuwa ameihifadhi humo. Mwandiko wa Elibariki ulikuwa wa kulala, kama majani yaliyopigwa na upepo. Jina: Fundi Anaeli. Uhai: 24. Na ile nne ina mkia mrefu unaoshuka mpaka mstari wa chini, kama mkia wa ng'ombe. Nikaigusa kwa kidole kilicho safi. Pale pale nikaelewa kwa nini binti huyu ameiweka kwenye Biblia.

"Mwacheni kijijini," Loishiye alikuwa anasema. "Afungue duka. Auze chumvi."

"Hawezi," Rukia akasema. "Mnyama amekaa ndani ya kreta, juu ya mlima, ameziba chemchemi. Mifereji yote imekauka, watu wanakufa kwa kiu. Anayejua njia ya kreta ni Anaeli peke yake. Ndivyo tulivyoipanga na Eli."

Witness akasema, "Nitamchukua mimi. Upinde wangu nauacha. Lakini hapigwi."

"Vitani? Hapigwi?"

"Akipigwa itabidi nifute namba. Ile ameandika yeye mwenyewe kwa mkono wake. Haifutwi."

Jikoni loshoro ilikuwa inatokota. Mimi sikujua chochote cha mchezo ule, lakini nilijua kwamba wakiondoka siku hiyo hawatarudi tena, na mjukuu wangu atabaki na machungwa. Nikasema, "Na kama wakijifunza kwanza? Nani anapanda kupigana na mnyama bila kujifunza?" Wakanigeukia. Nikamuuliza Rukia, "Huko kwenye kitabu chenu hakuna maneno yasiyoumiza?" Rukia akafungua kile kitabu, akapekua, akapekua, uso ukaanza kumng'aa. Yalikuwepo, tena mengi, madogo madogo, ya wanafunzi. Neno la kumfunika mtu vumbi jeupe. Neno la kwikwi. Neno la kunukisha kitunguu kilichoungua. Neno la upepo wa kupeperusha kofia. Hayapunguzi uhai wa mtu hata namba moja. Wanafunzi wa ufundi wanayatumia kupigania uani kabla hawajaruhusiwa maneno makali. Nikasema, basi hayo yaitwe maneno mapole.

Halafu, kwa kiherehere cha mtu mzima aliyesikilizwa, nikawapa na sheria. Tulipokuwa wasichana tukienda kukata majani ya ng'ombe, wavulana walipigana kwa mabua ya mahindi mabichi, nasi tunawatazama kutoka juu ya mfereji. Walikuwa Sifaeli, Nderakindo, Yoeli, Elifuraha, na Mathayo wa kwa mama Ndeshukurwa. Bua haliumizi, linalia tu kwa sauti kubwa na kukuachia maji ya utamu shingoni. Kwa hiyo mshindi hakuwa anayepiga sana. Mshindi ni yule asiyerudi nyuma. Ukirudi hatua moja umeshindwa. Sifaeli hakushindwa hata siku moja. Alisimama kama mti, mabua yanamvunjikia kichwani, na sisi wasichana tunapiga vigelegele. Niliisimulia mpaka hapo pa kucheka, nikaishia hapo. Rukia akaipenda. "Asiyerudi nyuma ndiye mwenye pointi," akasema, akaandika.

Mchezo ukawa unahitaji mwanafunzi mmoja zaidi, basi wakanitengenezea karatasi. Jina likawa langu, Ndeninsia. Umri Loishiye akaandika kumi na sita. Akanichorea na picha, msichana mwenye shingo ndefu na kitenge, meno yote yapo. "Sasa koko, wewe ni mwanafunzi wa Fundi Anaeli."

"Yaani nafundishwa na mume wangu?"

"Hajakuoa bado. Usimharakishe."

Witness akacheka. Kidogo, puani, lakini nilisikia. Nikarudi jikoni nikaona loshoro imeshika chini, na sikujali.

Kuanzia hapo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, tulikuwa mezani. Nimekaa kwenye sebule nyingi maishani mwangu, za misiba na za posa, lakini ile ninaikumbuka mpaka harufu: mafuta ya pikipiki ya Loishiye, chaki ya kushonea ya Rukia, ngozi ya ndizi. Nilipika makande, nilipika mtori, na siku Rukia alipokuwa amefunga nilisubiri naye jua lizame ndipo sote tukala. Rukia alisimulia uani pa mafundi, kuta za mawe meusi ya mlimani, baridi, ukungu. Chuma amesimama huku, Ndeninsia kule, Fundi Anaeli katikati. "Ndeninsia, unafanya nini?" Mara ya kwanza nilinong'ona kama niko kwenye maungamo. "Namtupia neno la unga," kwa maana vumbi jeupe mimi niliita unga. Nikarusha dadu, ikatoka kumi na nane. "Chuma anageuka mweupe toka unyweleni mpaka unyayoni!" Rukia akapaza sauti. "Anafanana na mandazi kabla ya mafuta!" Loishiye akasimama kwenye kochi langu na soksi zake, amekunja mikono, akasema, "Chuma hatikisiki. Chuma anapiga chafya, lakini hatikisiki." Pointi yake. Halafu Anaeli ananitia kwikwi, na sheria ya Loishiye ilikuwa ukitiwa kwikwi lazima uongee nayo mpaka zamu yako ifike, hivyo jirani yetu alipopita dirishani akaniuliza habari za mchana, nikamjibu "nz-hik-uri", akaenda kuniletea maji ya ndimu.

Nilikuwa na faida moja pale mezani. Kusoma nasoma polepole, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Rukia alitunga watu wengi kwenye hadithi yake, mlinzi wa lango, mwuza asali, mjane wa daraja la tatu, halafu anawasahau. "Yule mlinzi tulimwitaje?" Wanafungua daftari. Kabla hawajaufikia ukurasa nimeshasema: Kiwalo, na mbwa wake ni Sururu, na ana binti amemwozesha ng'ambo ya mto. Wakaacha kuandika. Wakawa wananiuliza mimi. Mtu aliyeishi miaka sabini akiambiwa hajasoma, halafu vijana watatu wanamgeukia kama kitabu, hawezi kueleza alivyojisikia.

Na Witness alikuwa anarudi, kidogo kidogo, kama rangi kwenye kitambaa kilichofuliwa. Alitengeneza maneno mapole yake mwenyewe, neno la kufunga kamba za viatu, neno la kumfanya adui akumbuke ameacha jiko linawaka. Anaeli wake alikuwa hodari kuliko sote. Miezi inapita hajarudi nyuma hata hatua. Ile 24 ilikaa pale pale na mkia wake. Lakini chuoni hakwenda, na machungwa yaliendelea kuwa na matundu. Na hapa nianze kusema kosa langu. Kuna Jumamosi, nadhani ni mwezi wa nane, Rukia alisema Anaeli ametupiwa upepo, na Witness akajibu "anasimama" kabla Rukia hajamaliza sentensi. Hakufikiri. Mimi nikakumbuka kitu. Nikaenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai ambayo ilikuwa tamu tayari. Sikusema.

Mwezi wa kumi Rukia alikuja na hina mkononi. Ameposwa, anaolewa Tanga, anaondoka kabla ya mwisho wa mwaka. Tulimpigia vigelegele, halafu akasema, "Lakini siondoki na mnyama yuko kwenye kreta. Sitalala Tanga." Na wiki hiyo hiyo Witness alipigiwa simu na mwalimu wake wa chuo: nafasi yake wameishikilia mpaka Januari, asipokuja wanampa mwingine. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia upande wake tu. "Ndiyo, mwalimu. Nimeelewa, mwalimu." Kisha akaja akaegemea mlango wa jikoni. "Bibi, mtu si chungwa," akasema. "Nikikosea je?" Nilijua kwamba mambo haya mawili yameshikana, kupanda kwenye kreta na kurudi chuoni, na kwamba akikataa la kwanza ndiyo basi tena la pili.

Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi. Nilipika loshoro, ili tumalizie na tulichoanza nacho. Rukia alikuwa amevaa vizuri kama anaenda kwenye arusi. Akatupandisha msituni, akatupitisha kwenye majivu, akatuonyesha kreta, na ndani yake mnyama amejikunja juu ya chemchemi kama kuku anayeatamia. "Anaamka. Anavuta pumzi, kifua kinajaa moto. Kushoto kwenu kuna jiwe kubwa, hatua tatu tu. Anaeli, unafanya nini?"

"Anasimama," Witness akasema.

"Chuma anasimama," akasema Loishiye.

"Ndeninsia anasimama," nikasema na mimi. Tulikwenda pamoja kama kwaya.

Rukia akatutazama. "Mna uhakika?" Halafu, kwa sababu ni msimulizi wa haki, akarusha dadu. Moto ukatupata sote. Chuma alipoteza nane. Mimi nilikuwa na uhai kumi, nikabaki na mmoja. "Anaeli," Rukia akasema, na sauti ikapungua, "kumi na moja."

Loishiye alikuwa ameshafuta yake. Kifutio akakiweka katikati ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Witness alikuwa amefunika karatasi kwa viganja viwili. Rukia akaanza kulia. "Naweza kusema moto ulipita pembeni," akasema. "Mimi ndiye msimulizi. Nani atanishtaki?" Loishiye akasema, "Hata mimi niliona umepita pembeni." Witness akanitazama mimi. Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Mungu ananijua, neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Nikasema, "Sikuwamalizia habari ya Sifaeli." Nikawamalizia. Mwaka uliofuata palitokea ugomvi wa maji mferejini, mtu wa mfereji wa juu akashuka na rungu la kweli. Wenzake wote, Nderakindo na Yoeli na wengine, waliruka nyuma. Sifaeli alisimama. Mwili wake ulikuwa umeshazoea mabua, ulikuwa haujui tena kukwepa. Mkono wake wa kulia haukunyooka mpaka alipozeeka, alilimia wa kushoto. "Mimi nilijua," nikawaambia. "Niliwaletea sheria mbaya, na nilipoona imewaingia nikanyamaza. Miezi minne nimekunywa chai nikijua. Kwa sababu hata mimi sikutaka ile nne ifutwe."

"Kwa hiyo ulitufundisha vibaya, bibi," Witness akasema.

"Nilifundisha vibaya."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Nikavuta Biblia, maana ilikuwa pale pale mezani alikoitolea karatasi, nikafungua ukurasa wa kwanza. Ni mwandiko wa mume wangu, majina ya nyumba yetu, aliyezaliwa na lini. Waliokufa aliwawekea msalaba mdogo pembeni. Wako watatu walioondoka wangali wachanga, majina yao yamekaa na misalaba yao, na chini yao wameandikwa waliofuata. Nikamwonyesha kwa kidole. "Babu yako hakufuta mtu," nikamwambia. "Nani kakwambia lazima ufute? Ya kaka yako iache. Yako iandike chini yake."

Witness akasukuma kifutio mpaka kwa Loishiye, akachukua penseli, na chini ya 24, chini kabisa ya ule mkia, akaandika 13. Ile tatu ikatoka kama mnyoo. Akavuta kamasi, akasema, "Zamu ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Ndeninsia anarudi nyuma! Hatua tatu, nyuma ya jiwe!"

"Koko anakimbia!" Loishiye akapiga kelele.

"Nakimbia, na wewe kimbia, mjinga!" Wakaja wote nyuma ya jiwe. Na kutoka pale nikasema namtupia mnyama neno la unga, machoni. Rukia akasema, "Bibi, hilo ni la kujifunzia." Nikamuuliza imeandikwa wapi kwamba mnyama akipata unga machoni anaona. Akacheka huku machozi hayajakauka. Nikarusha ile ya bluu. Kumi na tisa. Witness akaelewa, akamtia kwikwi, na mnyama mwenye kwikwi hawezi kuvuta pumzi ya kutosha kuwasha moto. Maneno yetu mapole yote, miezi yote ile, tukayatumia siku ile, safari hii tukiwa tunasogea, tunakwepa, tunarudi, tunakuja tena. Chuma na Anaeli walipigwa. Kila akipigwa Witness anaandika: 13, halafu 9, halafu 2. Ile mbili ilitoka imenyooka. Chuma akamaliza kazi kwa rungu, na Rukia akasimama, akatusimulia maji yanavyoshuka mfereji kwa mfereji, na nilipomwomba yapite kwenye shamba la Sifaeli akayapitisha, polepole, yakajaa.

Loshoro ilikuwa imepoa, tukaila hivyo hivyo. "Sasa wanalala," Rukia akasema, "na wakiamka wamepona. Anaeli anarudi ishirini na nne. Andika." Witness akaitazama karatasi. "Bado," akasema. "Alale kwanza." Akaikunja, akairudisha kwenye Biblia.

Januari Witness alipanda basi la chuo. Wiki ya tatu simu ikalia niko naanika nguo. "Bibi, leo nimedunga mtu." Nikauliza nani. "Mama mmoja wa Ngaramtoni. Alipiga kelele kabla sijamgusa." Nikamuuliza na wewe ukafanyaje. "Nilirudi nyuma hatua moja, nikamwambia avute pumzi, nikasogea, nikadunga." Nikauliza kama amepona. "Bibi, ilikuwa chanjo tu," akasema, akacheka sana, kicheko kizima, cha mdomo wazi. Jioni ile nilinunua machungwa sokoni, nikakaa kibarazani nikayala peke yangu. Yalikuwa matamu.

Basi, siku ile ya sendoff, nikiwa pale nyuma ya ukumbi na dadu kiganjani, akaja Loishiye na suti, amemshikia Witness pindo la gauni lisipite kwenye masizi. Mshereheshaji alikuwa anaita kwenye spika, bibi harusi mtarajiwa yuko wapi jamani, wakwe wanasubiri. Witness akasema wasubiri. Akafungua kibeti chake akatoa karatasi imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza ya wapishi. 24, 13, 9, 2. Miaka mitano Anaeli amelala na mbili yake.

"Ameamka," Witness akasema. "Nani ana penseli?"

Hakuna aliyekuwa na penseli. Loishiye alikuwa na kalamu ya wino mfukoni, ya kuandikia zawadi. Rukia akasema hiyo haifutiki. Witness akaichukua, na chini ya ile mbili akaandika 24. Nne yake haina mkia. Ni nne fupi, iliyonyooka, ya muuguzi anayeandika joto la mgonjwa. Nilizitazama zote mbili, ya juu na ya chini, na macho yangu yakatosha kuziona.

"Bibi," akasema, "zamu yako."

Nikarusha. Mkono wa miaka sabini na sita hauna breki. Dadu ikapita sinia la pilau, ikaingia kwenye beseni la kachumbari. Mpishi akashika kichwa. Loishiye, na suti yake yote, akatumbukiza vidole akaitoa, akaipangusa na kitunguu kimeng'ang'ania. "Kumi na saba, koko! Haya, unasimama au unarudi nyuma?"

Nikamwambia kwanza akanawe mkono.